Skrini ya teminali imevurugika: tuanze na dalili, tufuate chanzo

Ikiwa unasoma haya huku teminali yako imeshaharibika, unaandika na herufi hazionekani, au mistari inashuka mshazari kuelekea kulia, usifunge dirisha kwanza. Bonyeza Ctrl+C ili kuisimamisha programu iliyobaki, kisha Ctrl+J, andika `stty sane` ingawa huoni unachoandika, halafu Ctrl+J tena. Tunatumia Ctrl+J badala ya Enter kwa sababu programu iliyokufa vibaya huenda imeacha Enter ikituma alama ambayo haigeuzwi tena kuwa mwisho wa mstari, ilhali Ctrl+J inatuma mwisho wa mstari wenyewe. Kama herufi zimegeuka maumbo ya ajabu, rangi imeng'ang'ania au kishale kimepotea, ongeza amri ya `reset`. Kazi yako iliyokuwa kwenye Bash, programu inayopokea amri zako, bado ipo.

Sasa tuone kwa nini haya hutokea. Programu ya maandishi haichori chochote kwenye skrini. Inatuma mfululizo wa baiti tu. Upande wa pili kuna programu nyingine, yaani teminali, inayozisoma na kuamua ichore nini. Lugha wanayozungumza wawili hawa ilienea kupitia mashine ya VT100 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyotoka mwaka 1978 ikiwa na safu 80 na mistari 24. Baiti nambari 27, yaani Esc, ikifuatwa na `[`, inaiambia teminali kwamba kinachokuja ni agizo, si maandishi: `ESC[31m` ni rangi nyekundu, `ESC[2J` ni kufuta skrini, `ESC[H` ni kurudisha kishale kwenye kona ya juu kushoto. Dirisha unalotumia leo, hata Termux, programu ya teminali kwenye simu za Android, linaiga mashine za aina hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo wako, jiulize: baiti zimetoka kwenye programu? Zimeeleweka kama ulivyokusudia? Programu iliondoka na kuiacha teminali katika hali gani? Na je, kuna mwingine anayeandika kwenye skrini hiyohiyo? Karibu matatizo yote yaliyo hapa chini yanaingia kwenye mojawapo ya maswali hayo, na ukilijua swali lako unaokoa saa nyingi za kubahatisha.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi ni `script`. Kinarekodi kila baiti iliyokwenda kwenye skrini, nawe unaisoma baadaye kwa utulivu. Kwenye Linux:

```
script -c './programu' rekodi.txt
cat -v rekodi.txt
```

Kwenye macOS andika `script rekodi.txt ./programu`. Katika matokeo ya `cat -v`, `^[` ni Esc na `^M` ni alama ya kurudi mwanzo wa mstari. Usiridhike na `./programu | cat -v` peke yake, kwa maana programu nyingi hubadili tabia zikigundua kuwa haziandiki kwenye teminali, na hapo utakuwa unachunguza kitu kingine kabisa.

Hakuna kinachoonekana, kisha yote yanatoka kwa mkupuo

Hapa baiti hazijatoka. Zimekaa kwenye bafa, sehemu ya kumbukumbu ambamo programu hukusanya maandishi kabla ya kuyatuma. Katika C, maktaba ya kawaida ikiona inaandika kwenye teminali hutuma kila mstari unapokamilika. Ikiona inaandika kwenye faili au kwenye bomba (`|`), husubiri mpaka bafa ijae. Python hufuata mtindo uleule. Ndiyo maana `printf("Nasubiri...")` bila `\n`, ikifuatwa na `sleep(3)`, hukaa kimya sekunde tatu ndipo ionekane. Na ndiyo maana programu iliyokuwa ikionyesha maendeleo vizuri kabisa inakuwa bubu ukiongeza `| tee rekodi.txt`.

Katika C weka `fflush(stdout);` baada ya kila andiko linalopaswa kuonekana papo hapo. Katika Python andika `print("Nasubiri...", end="", flush=True)`, au endesha kwa `python3 -u`, au weka kigeu cha mazingira `PYTHONUNBUFFERED=1`, hasa ndani ya Docker au systemd ambako kwa kawaida hakuna teminali. Kwa programu ambayo huna msimbo wake jaribu `stdbuf -oL ./programu | tee rekodi.txt`, ukijua kwamba inafaa kwa programu zinazotumia maktaba ya kawaida ya C tu, si Python. `grep` ina njia yake, `--line-buffered`.

Kuna tawi la tatizo hili ambalo ni la hatari zaidi, nalo halizungumzwi vya kutosha. Programu ikifa ghafla kwa kosa la kumbukumbu, kilichokuwa kwenye bafa hufa nayo. Unaangalia mstari wa mwisho kwenye rekodi, unaona "Hatua ya 3 imekamilika", unaanza kupekua hatua ya 4 usiku kucha, kumbe programu ilifika hatua ya 9 na taarifa za katikati hazikuwahi kutumwa. Kwa hiyo taarifa zote za uchunguzi zipeleke kwenye `stderr`, njia ya makosa iliyo kando na `stdout` ya matokeo ya kawaida, ambayo katika C haisubiri bafa. Hilo pia linaeleza kwa nini makosa na matokeo ya kawaida hupishana kwenye faili moja: `stderr` imefika mara moja, `stdout` bado imekaa.

Mstari wa maendeleo unaacha mkia, au unazaa mistari mingi

Umeandika asilimia kwa `\r`, alama inayorudisha kishale mwanzo wa mstari bila kushuka. Lakini `\r` haifuti kitu. Ukiandika `Inapakua faili 100%` kisha juu yake `Tayari`, utaona `Tayariua faili 100%`. Ongeza agizo la kufuta kuanzia kishale hadi mwisho wa mstari:

```
printf '\r\033[KTayari\n'
```

Ikiwa badala ya mkia unapata mstari mpya kila asilimia inapobadilika, upana ndio chanzo. Maandishi yakizidi safu za dirisha hukunjwa na kuingia mstari wa pili, na `\r` hurudi mwanzo wa mstari huo wa pili tu, kwa hiyo wa kwanza unabaki juu. Kwenye kompyuta yako yenye dirisha pana hutaliona kosa hili kamwe. Anayetumia programu yako kwa simu, ndani ya Termux, ataliona tangu sekunde ya kwanza, na vijana wanaojifunza kuandika programu kwa simu wanastahili kufikiriwa. Uliza upana halisi, kisha kata maandishi: katika Python `shutil.get_terminal_size().columns`, katika Bash `tput cols`.

Tena, mstari wa maendeleo hauna maana ndani ya faili. Kabla ya kuutuma angalia kama upande wa pili ni teminali kweli: `sys.stdout.isatty()` katika Python, `[ -t 1 ]` katika Bash, `isatty(1)` katika C.

Naona `[31m` badala ya rangi

Hapa baiti zimefika, ila aidha Esc haikuwa Esc, au aliyepokea haielewi.

Angalia kwanza ulivyoiandika. `echo "\033[31mHatari"` katika Bash huchapisha herufi hizo kama zilivyo, wakati `sh` ya mifumo mingine huzigeuza. Achana na `echo` kwa kazi hii, tumia `printf`. Usitumie `\e` pia, kwa sababu si kila mahali inatambulika. `\033` ni salama kwenye maandiko ya Bash. Katika JavaScript andika `\x1b`, maana `\033` inakataliwa kwenye hali kali ya lugha hiyo.

Kama iko sahihi, tazama anayepokea. `less` huonyesha Esc kwa maandishi mpaka uiambie `less -R`. Faili la rekodi huhifadhi misimbo yote, na ukilifungua kwenye kihariri unaona takataka. Dawa yake ni `isatty` uliyoiona hapo juu. Mtumiaji aliyeweka kigeu `NO_COLOR` anaomba asipewe rangi. Mheshimu. Wapo wasioziona baadhi ya rangi na wapo wanaotumia visoma skrini.

Kwenye Windows, dirisha la zamani la amri halikuelewa misimbo hii hadi Windows 10 toleo 1511. Hata baada ya hapo programu inapaswa kuiomba huduma hiyo kwa kuwasha `ENABLE_VIRTUAL_TERMINAL_PROCESSING` (thamani 0x0004) kupitia `SetConsoleMode`. Katika Python ni rahisi zaidi kutumia maktaba ya colorama na kuita `just_fix_windows_console()` mara moja mwanzoni. Windows Terminal mpya inaelewa misimbo bila usumbufu huo.

Nimetumia curses, skrini ni tupu

Maktaba ya curses, ya kuchora skrini nzima za maandishi, iliandikwa na Ken Arnold pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, karibu mwaka 1980, na leo wengi tunatumia ncurses. Inafaa kuelewa tatizo lililoizaa. Kwenye laini ya simu ya biti 1200 kwa sekunde zilipita herufi kama 120 kila sekunde. Skrini ya 80 kwa 24 ina nafasi 1,920, kwa hiyo kuichora upya nzima kulichukua takriban sekunde 16. Curses ikaja na suluhisho: inaweka kwenye kumbukumbu picha ya skrini inavyoonekana sasa na picha ya unavyoitaka, inalinganisha, kisha inatuma tofauti tu.

Ukilijua hilo, dalili nyingi zinajieleza. `addstr` haiandiki kwenye skrini, inaandika kwenye picha ya pili. Bila `refresh()` hakuna kinachotumwa.

Linalochanganya zaidi ni hili: umeunda dirisha kwa `newwin`, ukaandika, ukaita `refresh()` ya dirisha hilo, kisha ukaita `stdscr.getch()` kusubiri kitufe. Dirisha linatoweka. `getch` huonyesha upya dirisha linaloitwa nalo kabla ya kusubiri, na `stdscr`, ambayo bado ni tupu, inafunika kazi yako. Ita `stdscr.refresh()` mara moja kabla ya kuchora madirisha, au subiri kitufe kwa `dirisha.getch()`.

Lingine ni `_curses.error: addwstr() returned ERR`. Mara nyingi umeandika nje ya mipaka, na hili hutokea kwa mtumiaji mwenye skrini ndogo ilhali kwako kila kitu ni sawa. Pima kwa `getmaxyx()` kila unapochora. Lakini ipo nafasi moja inayotoa kosa hilo hata ikiwa ndani ya mipaka: kona ya chini kulia. Herufi inaandikwa, kisha kishale kinatakiwa kusogea mbele na hakuna pa kwenda, ndipo kosa linapotoka. Tumia `insch` kwa nafasi hiyo, au iache tupu.

Vitufe vya mishale vikikuletea `^[[A` badala ya `KEY_UP`, hujawasha `keypad(True)`. Kitufe cha Esc kikichelewa kama sekunde nzima, ncurses inasubiri ijue kama Esc ni kitufe au ni mwanzo wa msimbo; muda wake wa kawaida ni milisekunde 1000. Weka kigeu `ESCDELAY=25` kabla ya kuanza.

Skrini inamemeteka kila inapobadilika

Unafuta yote kwa `ESC[2J` kisha unachora upya. Kati ya kufuta na kuchora teminali inapata nafasi ya kuonyesha skrini tupu, na macho yanaiona. Kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kwenye mtandao wa polepole inakera kabisa.

Usifute. Rudisha kishale juu kwa `ESC[H`, andika kila mstari ukimalizia na `ESC[K`, na baada ya mstari wa mwisho tuma `ESC[J` kufuta mabaki ya chini. Kusanya yote kwenye mfuatano mmoja wa herufi na uutume kwa mkupuo, kisha pumzika kidogo kabla ya mzunguko unaofuata. Kwenye curses kosa hilohilo huitwa `clear()`: inalazimisha skrini nzima ichorwe upya, ikitupa faida yote ya maktaba. Tumia `erase()`. Ukiwa na madirisha kadhaa, ita `noutrefresh()` kwa kila moja, mwisho `doupdate()` mara moja.

Programu imeisha lakini teminali haijarudi kawaida

Programu zinazotumia skrini nzima huomba mambo kadhaa zinapoanza: skrini ya pili (`ESC[?1049h`), kuficha kishale (`ESC[?25l`), kuzima mwangwi wa herufi, na hali ghafi ya kibodi, ambamo vitufe hufika kwa programu bila mfumo kuvichakata. Hizi ni hali za teminali na za mfumo, si za programu. Programu ikifa, zinabaki. Ile mistari ya mshazari inatokana na hapo: katika hali ghafi `\n` inashusha kishale bila kukirudisha kushoto.

Katika Python usianze na `initscr()` mwenyewe, tumia `curses.wrapper(kuu)`, ambayo hurudisha kila kitu hata kosa likitokea ndani. Katika Bash:

```
trap 'tput cnorm; tput rmcup; stty sane' EXIT
tput smcup
tput civis
```

Tanguliza `trap` kabla ya kubadili chochote. `kill -9` haiwezi kuzuiwa na programu yoyote, kwa hiyo usiitumie kwa haraka kwa programu ya aina hii. Jaribu `kill` ya kawaida kwanza.

Mistari ya fremu imekuwa `lqqqk` au `â”€`

`â”€` maana yake baiti za UTF-8 zinasomwa kwa usimbaji wa zamani. Waandishi wa Kiswahili huchelewa kuliona tatizo hili kwa sababu lugha yetu inaandikwa kwa herufi za Kilatini bila alama za juu, hivyo kila kitu huonekana kizuri mpaka mtu abandike maandishi yenye kibainishi kilichopinda. Hapo `ng’ombe` inatoka `ngâ€™ombe`. Kwenye Linux angalia amri ya `locale`; kama haionyeshi UTF-8 jaribu `export LANG=C.UTF-8`. Kwenye Windows, `chcp 65001`. Katika C, ita `setlocale(LC_ALL, "")` kabla ya `initscr()` na uunganishe na `-lncursesw`, si `-lncurses`.

`lqqqk` ni ugonjwa mwingine. Ncurses iliomba seti ya michoro ya enzi za VT100 na teminali haikubadilisha seti. Hutokea sana kwenye PuTTY, programu ya kuingilia seva za mbali. `export NCURSES_NO_UTF8_ACS=1` huondoa tatizo.

Jedwali linalopinda pale tu penye emoji lina sababu ya upana: `len("✅")` ni 1, lakini kwenye skrini inachukua safu mbili. Pima kwa maktaba ya `wcwidth`.

`Error opening terminal: xterm-kitty`

Umeingia kwenye seva ambayo haijui jina la teminali yako. Kigeu `TERM` ni jina tu. Maelezo yake yako kwenye hazina ya terminfo ya mashine ile. Dawa ya haraka ni `export TERM=xterm-256color`. Dawa ya kudumu ni kupeleka maelezo kutoka kwako:

```
infocmp -x | ssh seva -- tic -x -
```

Usiweke `TERM` kwa lazima ndani ya `.bashrc`. Ndani ya tmux, programu inayogawa teminali moja kuwa kadhaa, inapaswa kuwa `tmux-256color` au `screen-256color`, na ukiilazimisha iwe kitu kingine utaanza kuona rangi na vitufe vinavyokosea bila sababu ya wazi.

Imeganda, na amri ndefu inajiandika juu yake yenyewe

Kuganda: huenda umebonyeza Ctrl+S, inayosimamisha matokeo. Bonyeza Ctrl+Q. Kuizuia isitokee tena, `stty -ixon`.

Amri inayojifunika yenyewe: umeweka rangi kwenye `PS1` na Bash inahesabu misimbo kama herufi zinazochukua nafasi. Zizungushie `\[` na `\]`, mfano `PS1='\[\033[32m\]\w\[\033[0m\] $ '`. Kama inatokea baada tu ya kubadili ukubwa wa dirisha, `shopt -s checkwinsize` inatosha. Programu yako mwenyewe hupata habari ya ukubwa mpya kwa ishara ya `SIGWINCH`, na curses huileta kama kitufe `KEY_RESIZE`. Ukiipata, pima tena na uchore upya.

Maneno ya ajabu yanatokea katikati ya skrini na hayafutiki

Kuna mwingine anayeandika. Mara nyingi ni `print` uliyoisahau, au maktaba inayotoa onyo kwenye `stderr`, au kazi uliyoiacha nyuma kwa `&`. Curses haijui kwamba maandishi hayo yapo, maana hayamo kwenye picha yake, kwa hiyo haina sababu ya kuyafuta. Kuchora upya kwa lazima, ambako kwa desturi hufungwa kwenye Ctrl+L na katika msimbo ni `stdscr.redrawwin()` ikifuatwa na `refresh()`, husafisha kwa muda. Kinachotibu ni kuwatenganisha:

```
python3 programu.py 2> makosa.log
```

Kwenye dirisha la pili weka `tail -f makosa.log`. Ukizindua programu nyingine kutoka ndani ya yako, nasa matokeo yake kwa `subprocess.run(..., capture_output=True)`, au kama inahitaji skrini nzima, mfano kihariri, ita `curses.endwin()` kwanza, iendeshe, kisha `stdscr.refresh()` ikiisha.

Ikiwa bado hujapata, endesha programu nje ya tmux, kwenye teminali ya aina nyingine, na ulinganishe faili mbili za `script`. Zikifanana baiti kwa baiti, ukiacha mistari ya tarehe ambayo `script` yenyewe huongeza mwanzoni na mwishoni, msimbo wako hauna kosa. Tafuta kwenye mipangilio ya teminali. Zikitofautiana, mstari wa kwanza wa tofauti ndio pa kuanzia.